Gari Lililokosa Toleo

Gari la marehemu baba liligeuka lenyewe ndani ya banda lililofungwa.

Nasema nikiwa na akili zangu timamu. Asubuhi niliondoka nikaliacha pua imetazama ukuta. Mchana narudi, pua imetazama mlango.

Kufuli lilikuwa limefungwa vilevile nilivyoliacha. Funguo zilikuwa kwenye msumari wake jikoni. Nyumbani alikuwepo mama tu, na mama yangu hajui kuendesha hata mkokoteni.

Sitawadanganya, mgongo uliniloa jasho.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana najua kuna watu wameshaanza kuandika "mizimu" kule chini kwenye maoni.

Mimi ni fundi magari. Mtaani wananiita Spana. Ndiyo, ni mwanamke, na ndiyo, nalala chini ya malori, tuendelee. Gereji ni ya marehemu baba, iko uani kwa mama, na nyuma yake kuna banda la mabati ambalo lilikuwa na gari moja tu.

Baba aliliita Nyigu kwa sababu ya mlio wake. Ni gari la michezo la zamani, milango miwili, limelala chini kiasi kwamba ukiingia unahisi umekaa barabarani. Jina la kampuni naliacha. Sitafuti kesi.

Sasa nisikilizeni hapa, bila hili hamtaelewa kisa.

Kiwanda kilitengeneza gari lile kwa jina moja, lakini kila upande wa dunia ulipelekewa la kwake. La nchi za baridi lilikuwa na hita kubwa na kiti cha dereva kilichoinuliwa. La nchi za joto lilikuwa na rejeta nene ya kupoza injini na halikuwa na zulia.

La nchi zenye sheria kali lilibebeshwa mabampa ya mpira kama midomo iliyoumwa na nyuki, injini ikabanwa pumzi, lakini likapewa breki laini zenye pedali pana. La miji yenye foleni ndilo lilikuwa kituko. Halikuwa na pedali ya klachi kabisa. Ukigusa kishikio cha gia, klachi inaachia yenyewe. Ukiondoa mkono, inashika.

Watu wa magari ya kale wanaita kila moja "toleo". Na juu ya toleo wako tayari kugombana mpaka wanyimane salamu.

Mjini kwetu wana klabu. Mwenyekiti wao tunamwita Katalogi. Mzee huyo ukimwonyesha kioo cha indiketa tu, anakwambia gari liliagizwa na watu wa wapi. Kila mwaka wanafanya maonyesho, na kila gari linapewa beji ya shaba iliyoandikwa toleo lake na jina la mwenye kulitunza. Gari lisilo na toleo haliingii getini.

Miaka mingi iliyopita, mimi nikiwa mgongoni kwa mama, baba alilipeleka Nyigu kwenye hayo maonyesho.

Bodi ya nchi za joto. Gia boksi ya nchi za foleni. Breki za nchi za sheria kali. Kiti cha nchi za baridi.

Walimzunguka. Wakamuuliza hii takataka ni toleo la wapi. Wakasema anaunganisha vipuri vya wizi ili amuuzie mtu kama gari halisi. Mmoja akamwita Kiraka, na wote wakacheka.

Baba hakujibu. Alifunga boneti akarudi nyumbani, na kuanzia siku hiyo mji mzima ukamjua kwa jina la Mzee Kiraka.

Nimekua nikiitwa mtoto wa Kiraka. Shuleni nimetoa watu damu za pua kwa ajili ya jina hilo, na sijutii hata pua moja.

Baba mwenyewe nilimuuliza mara nyingi kwa nini aliliunga vile.

"Linafaa," alikuwa akijibu.

"Linafaa nini?"

"Linafaa, mwanangu. Nipe hiyo spana."

Ndiyo yakawa majibu yake maisha yake yote. Nikachukulia ni ujanja wa kifundi tu, kwamba mzee alitaka kujionyesha anaweza.

Mwaka jana akafariki. Msibani, jeneza bado liko sebuleni, nikamsikia mwanachama mmoja wa klabu anamnong'oneza mwenzake, "Fundi alikuwa fundi kweli. Tatizo ni ule utapeli wake wa lile gari."

Damu ilinichemka. Nilitaka kumtoa nje kwa kola, shangazi wakanishika mikono.

Pale pale nikajiapiza. Maonyesho yanayokuja Nyigu litapata beji, na beji itaandikwa jina la baba. Nitawaziba midomo kwa shaba yao wenyewe.

Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu, naye ni mwanachama wa klabu. Ana moyo mzuri, ila uti wa mgongo wake ni wa uji. Yeye ndiye aliyeniletea Katalogi gereji aje aliangalie gari.

Katalogi alivua koti, akavaa miwani, akalizunguka Nyigu mikono nyuma kama daktari mkuu anayepita wodini.

"Bodi safi," akasema. "Nchi za joto, huna haja ya kuniambia. Lakini humu ndani, binti, kuna mkutano wa mataifa."

Baba mdogo akacheka. Nikamkata jicho, akaacha.

"Kwa hiyo?" nikauliza.

"Kwa hiyo ling'oe. Gia boksi itoke, iingie ya klachi. Breki zitoke. Kiti kitoke. Niletee toleo kamili la nchi za joto, na jina la baba yako nitalichonga kwenye beji mimi mwenyewe. Gia boksi ninayo stoo, nitakupa."

"Bure?"

"Gari likiwa sahihi mimi nalala usingizi mzuri."

Mnaona? Mzee wa watu wala si mbaya. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

Mama alikuwa amekaa mlango wa jikoni anachambua mchele, mkongojo wake umeegemea ukuta. Mguu wake wa kushoto ulilemaa tangu utotoni, unafuata tu anakokwenda. Wageni walipoondoka akaniuliza bila kuinua macho.

"Utaling'oa?"

"Nitaling'oa, mama. Nataka jina la baba lisafike."

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa uani. "Haya."

Mnazijua zile "haya" za akina mama ambazo si haya. Ilikuwa yenyewe, ila kichwa changu kilikuwa kwenye beji.

Gia boksi ya Katalogi ikaletwa, nikaipandisha kwenye meza ya kazi bandani. Kesho yake asubuhi nikaitwa kwenda kukwamua lori la mteja. Niliporudi ndipo nikakuta Nyigu limegeuka.

Nikampigia baba mdogo. Nilimshuku yeye, kwa sababu ana ufunguo wake wa banda na ana tabia ya kuingilia vitu. Alikuja mbio, akaliona gari, akarudi nyuma hatua.

"Kaka hataki liguswe," akasema. "Hii ni ishara. Tuite watu waje wamwombee."

"Baba mdogo, umeligeuza wewe."

"Mimi? Niligeuze ili iweje?"

"Sijui. Ingia, lisogeze mpaka pale ukutani nikuone."

Aliingia. Magoti yakagota kwenye usukani, akasukuma kiti nyuma. Akawasha, akatia gia, akakanyaga mafuta. Injini ikalia mpaka mabati yakatetemeka.

Gari halikusogea hata kidole.

Mkono wake ulikuwa juu ya gia. Madereva karibu wote wana ugonjwa huo, wanapumzisha mkono juu ya gia kama vile wameegemea dirisha la nyumbani. Kwa Nyigu ukifanya hivyo klachi inabaki imeachia, unapiga kelele tu. Baba mdogo alihangaika mpaka shati likamganda, na mimi nikajua si yeye. Aliyeligeuza lile gari alijua kuondoa mkono.

Halafu akili ikanirudia kwenye kile kiti.

Baba alikuwa mrefu kama nguzo, na mimi nimemrithi. Tangu nipate akili kiti cha Nyigu kimekaa nyuma kabisa. Sasa mtu alikuwa amekivuta mbele mpaka magoti ya baba mdogo yakakosa pa kwenda.

Kama ni mzimu wa baba, ungekaaje pale, magoti masikioni?

Siku iliyofuata nikamuaga mama. Nikamwambia naenda kutafuta vipuri na nitachelewa. Nikatoka getini, nikazunguka ukuta wa nyuma, nikapanda juu ya tairi kuukuu la lori na kuchungulia kwenye tundu la bati.

Haikuchukua muda. Kufuli likalia, mlango wa banda ukafunguka.

Akaingia mama.

Alisimama mbele ya ile gia boksi ya Katalogi, akaigusa kwa ncha ya mkongojo kama mtu anayehakikisha nyoka amekufa. Kisha akafungua mlango wa Nyigu. Akaulaza mkongojo upande wa abiria, akakaa, akaunyanyua mguu wa kushoto kwa mikono miwili akauingiza ndani. Akavuta kiti mbele.

Akawasha.

Mguu wa kulia peke yake. Mafuta, breki, mafuta. Mkono ukagusa gia ukaondoka, ukagusa ukaondoka, mwepesi kama anaonja chumvi.

Nyigu likatoka nje, likakata kona uani, likapenya kati ya lori la mteja na tangi la maji, pale ambapo mimi mwenyewe huwa nashuka kwanza nipime kwa macho. Kisha likarudi bandani kinyumenyume bila kugusa kitu.

Mimi niliteleza kwenye tairi nikaanguka kama gunia.

"Umemaliza kuchungulia?" sauti ya mama ikatoka ndani. "Njoo unisaidie huu mlango, ni mzito."

Niliingia nikakaa chini, kwenye sakafu yenye oili, karibu na mlango wa gari. Yeye hakushuka. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani.

"Mama, unajua kuendesha."

"Umeona sijui?"

"Tangu lini?"

"Tangu wewe hujafikiriwa."

Mama akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Nilikwenda kutafuta leseni nikiwa msichana," akasema. "Yule bwana wa dirishani hakuniangalia usoni. Aliangalia mguu, akasema, anayefuata. Anayefuata alikuwa baba yako. Akatoka kwenye mstari, akanifuata nje."

"Akasema nini?"

"Alisema wenye kiwanda wametengeneza gari la watu wa baridi, la watu wa joto, la watu wa foleni. Mimi wamenisahau. Akasema nimpe muda."

Baba akaanza kukusanya. Bodi ya nchi za joto ilipatikana imekufa kwenye uwanja wa vyuma chakavu, akaichukua. Gia boksi ya nchi za foleni aliitafuta kwa sababu haihitaji mguu wa kushoto. Breki za nchi za sheria kali, kwa sababu pedali ni pana na laini, mguu mmoja unahamia pale bila kupapasa. Kiti cha nchi za baridi, kwa sababu kiko juu na mama ni mfupi.

Mimi lile gari nalijua mpaka nati. Ningeweza kukwambia kila kipande kimetoka upande gani wa dunia. Kwamba vyote vilikuwa vinakwenda kwa mtu mmoja, na mtu huyo ananipikia kila siku, hilo halikunipitia akilini.

"Kila Jumapili tulikuwa tunatoka nje ya mji," mama akaendelea. "Akishaona hakuna askari ananiachia usukani. Mwanangu, nilikuwa nakimbia mpaka baba yako anashika dashibodi anaomba dua."

"Na maonyesho?"



"Maonyesho nilitaka mimi. Nilimwambia twende, waone mikono yako. Tukafika, kumbe mgeni rasmi ni mkuu wa trafiki. Wakamuuliza baba yako kwa nini ameliunga hivi. Sasa angejibu nini? Aseme mke wangu analiendesha, na leseni mlimnyima? Mkuu wa trafiki yuko pale na soda yake."

"Akanyamaza."

"Nilimfinya mgongoni. Nikamwambia sema, liwalo na liwe. Akaniambia, mimi wacha waniite watakavyo, wewe wasikuguse." Alifuta usukani kwa ncha ya khanga ingawa haukuwa na vumbi. "Tangu siku ile sikuligusa tena. Nikiliona tu nasikia wanavyocheka. Ila nilipoiona ile gia boksi mezani, nikasema siwezi kuacha litolewe roho bila kuliaga. Jana nilitaka kulirudisha lilivyokuwa, nikasikia watu getini, nikaliacha."

"Na mimi kwa nini hamkuniambia?"

"Wewe? Mdomo wako hauna breki."

Nililia. Nililia kwa sauti, kwenye oili, mtu mzima na ovaroli yangu. Halafu kilio kikageuka kuwa hasira, hasira ile nzuri inayokunyoosha mgongo.

"Rudisha hilo dude kwa mwenyewe," mama akasema, akionyesha gia boksi ya Katalogi.

"Na beji?"

"Tunakwenda na gari lilivyo."

"Watalikataa, mama."

"Walikatae nikiwa ndani yake."

Siku hizi sheria imebadilika. Mtu kama mama anapewa leseni akifaulu mtihani kwa gari linalomfaa. Tukaenda. Mtahini alikuwa kijana mpole, akafunga mkanda, akaandaa kalamu. Waliporudi aliniambia jambo moja tu, kwamba mama amefaulu, ila nimwombe kwenye kona apunguze mwendo.

Siku ya maonyesho ikafika.

Magari yamepangwa uwanjani kwa makundi, kila toleo na kibao chake, yanang'aa utadhani yamelambwa. Getini kasimama Katalogi, koti la klabu, tochi ndogo mfukoni ya kumulika chini ya viti. Baba mdogo alikuwa pembeni yake na kikombe cha chai.

Katalogi akainama dirishani upande wa kulia, akakutana uso kwa uso na mama.

"Habari za siku, mama. Dereva yuko wapi?"

"Unaongea naye."

Akatabasamu, kisha tabasamu likaishia njiani. Aliangalia chini kwenye pedali. Akaangalia mkongojo uliokuwa mapajani kwangu. Akaangalia pedali tena.

"Gia boksi niliyokupa?" akaniuliza mimi.

"Iko stoo kwako. Mlinzi wako ameipokea."

"Sasa nikuandikie toleo gani?"

Mama akazima injini pale pale getini. Nyuma yetu magari yakaanza kupiga honi.

"Mwenyekiti," akasema, na hakupaza sauti, ila sauti ya mama hata ikiwa chini inafika. "Miaka yote hii mnauliza gari hili ni la nchi gani. Hakuna aliyeuliza ni la nani. Ni langu. Mume wangu alinitengenezea mimi, kwa mguu huu. Hakuiba, hakutaka kumuuzia mtu, hakumdanganya mtu. Mlimtukana akanyamaza ili mimi nisikamatwe. Leo nina leseni, nimekuja kuwajibu."

Honi zikanyamaza moja moja.

"Shemeji," baba mdogo akasema, kikombe kimemwinamia mpaka chai inamwagika kwenye kiatu. "Hata mimi hamkuniambia?"

"Wewe siku ile ulicheka nao, shemeji. Nilikuona."

Baba mdogo akatazama kiatu chake.

Katalogi alivua miwani, akaifuta. "Pole sana, mama. Inatoka moyoni. Lakini kanuni ni kanuni, beji inaandikwa toleo. Labda kule nyuma, karibu na hema la viti, tunaweza kutenga sehemu. Tuandike gari la walemavu."

"Sikuja kuonewa huruma," mama akasema. "Nimekuja kuegesha."

Akawasha.

Mlinzi wa geti alimwangalia mwenyekiti, akamwangalia mama, akainua kizuizi. Mlinzi yule, popote ulipo, Mungu akupe maisha marefu.

Mama alipita katikati ya uwanja mzima, taratibu, dirisha wazi, akaegesha mahali palipokuwa tupu kati ya nchi za baridi na nchi za joto. Kisha akakaa. Wakamtuma mtu aje amwombe aondoke, akamjibu akichoka ataondoka. Hakuchoka. Watu wakaanza kusogea, wakawa wengi, wengine wanauliza vizuri, wengine wanataka tu kupiga picha.

Kati yao alikuja mama mmoja wa makamo, kofia pana, anaburuta goti la kushoto. Baba mdogo aliniambia ndiye mke wa Katalogi. Aliomba kuona pedali. Akaziangalia muda mrefu.

"Mguu wa kushoto haufanyi kitu?" akauliza.

"Hapana," mama akasema. "Umekaa tu, abiria."

Yule mama akacheka, akashukuru, akaondoka zake polepole.

Beji hatukupata. Jioni yake, baba mdogo alinionyesha simu, kwenye kundi la klabu. Walikuwa wametuandika "gari lisilo na toleo, halikushindanishwa". Jina la baba halikutajwa na mtu hata mmoja.

Mama alisema yeye amemaliza, amejibu, sasa analala. Mimi sikuridhika. Nilikuwa nimetaka jina, na jina halikuja. Kwa majuma kadhaa nilifunga nati za watu kwa hasira mpaka nikakata mbili tatu.

Halafu asubuhi moja likaingia uani gari la Katalogi.

Gari lenyewe sasa, lile analolifunika kwa shuka. Toleo la nchi za baridi, halijawahi kubadilishwa kitu, watu wanatania kwamba hata vumbi la chini ya kiti ni la kiwandani. Mkewe amekaa kiti cha abiria, kofia mapajani.

Katalogi akashuka. Hakuwa na koti la klabu.

"Fundi," akasema. Siku zote ananiita binti. "Hili gari ni la mke wangu kama lilivyo langu. Tumeliendesha kwa zamu tangu tuoane. Goti lilipofanyiwa upasuaji klachi ikamshinda, nikamwambia basi, mama, pumzika. Nikadhani nimemfanyia wema. Tangu maonyesho hasemi na mimi."

"Nasema," mkewe akajibu kutoka ndani. "Nimesema nataka kama la yule mama. Wewe ndiye husikii."

Nilifungua mdomo nimpe vipande vyake. Nilikuwa navyo, vimekaa tayari tangu msibani. Lakini mama alikuwa ameshatoka jikoni, anakuja na mkongojo wake.

"Kwanza mume wangu," akasema.

Katalogi aliinamisha kichwa. "Alikuwa mtu mkweli, mama. Nisamehe."

"Hilo mimi nalijua. Kawaambie wale."

Alisimama kidogo uani pale, anapapasa mifuko. Kisha akatoa simu, akabonyeza kurekodi, akaliambia kundi zima la klabu. Akamtaja baba kwa jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho, ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwa mtu wa klabu. Akasema mtu huyu hakuwa tapeli, alimtengenezea mke wake gari, na sisi tukamdhalilisha mbele ya watu. Akasema aliyeanza kumwita Kiraka ni yeye.

Akatuma.

Mama akaitikia kwa kichwa mara moja, akamfungulia mlango mke wa Katalogi. "Shuka, zunguka huku ukae kwa dereva. Fundi aone mguu unafika wapi."

Nikaingia chini ya gari na chaki. Nilipima, nikachora, nikatoka. Nilitaka Katalogi aelewe vizuri, na nakiri nilitaka pia kumsikia akisema.

"Mwenyekiti, gia boksi ya nchi za foleni ni nene kuliko hii. Lazima nikate sakafu hapa, na nitoboe hapa na hapa. Nikishatoboa, hakuna fundi duniani atakayelirudisha. Halitakuwa la nchi za baridi tena. Halitakuwa la nchi yoyote."

Aliangalia alama zangu za chaki. Aliangalia ile beji ya shaba iliyong'aa kwenye dashibodi. Mkewe alikuwa ameshakaa nyuma ya usukani, mikono yote miwili juu yake, anatazama getini kama mtu aliyechelewa safari.

"Toboa," Katalogi akasema.

Mkitaka somo, chukueni hili. Ukiona kitu kimeungwa kwa namna usiyoielewa, kabla hujacheka, kaa kwenye kiti chake uone ni miguu ya nani inafika. Na kama ni wewe unayeambiwa huna toleo, usikae getini kusubiri waikubali sura yako. Ingia uegeshe.